Mapaja kuuma: simvastatini 40 ikikutana na amlodipini

Mapaja yote mawili yanauma, ngazi hazipandiki, na dawa za kila siku ni mbili: amlodipini miligramu 10 ya presha, simvastatini miligramu 40 ya kolesteroli. Kosa liko kwenye mchanganyiko. Amlodipini hupandisha kiwango cha simvastatini katika damu, na simvastatini ikizidi huumiza misuli. Zikienda pamoja, simvastatini isizidi miligramu 20 kwa siku. Inasikitisha wengi huambiwa ni uzee. Kilichosaidia: daktari alipima CK, kimeng'enya cha misuli, akasimamisha simvastatini mpaka maumivu yakaisha, kisha akaanzisha rosuvastatini miligramu 5, isiyogongana na amlodipini. Ya presha haikuguswa. Mkojo ukiwa mweusi kama chai ya mkandaa, nenda hospitali siku hiyohiyo.