Wiki sita kwenye neno moja: Pili na Karoti wazungumza Kiswahili

Limekubali! Jana saa nne usiku, hapa Wete, nimehifadhi tafsiri yangu ya Kiswahili ya sehemu ya kwanza ya katuni ya Pepper&Carrot, na kwa mara ya kwanza sikulifungua tena faili kubadilisha lile neno.

Wenzangu mnaoifuata katuni hii mnajua kwa nini naihangaikia. David Revoy anaichora kule Ufaransa tangu 2014, hana kampuni ya vitabu nyuma yake, kila sehemu anaiweka bure na wasomaji ndio wanaomlipa kwa hiari yao. Leseni yake inaruhusu kutafsiri, kuchapa, hata kuuza, alimradi jina lake litajwe. Mie sina cha kumchangia kila sehemu mpya inapotoka. Lakini nimesoma kazi yake miaka mingi bila kutoa hata senti, na deni hilo nalihisi. Kiswahili ninacho, basi nalipa kwa Kiswahili.

Tatizo ni kwamba Pepper, yule msichana mwenye paka aitwaye Carrot, nami nimemwita Pili, ni "witch".

Nilianza na mchawi, kwa kuwa kamusi ndivyo isemavyo. Nikachapa kurasa, nikampa mtoto wa dada yangu, ana miaka tisa, asome barazani. Akasoma maelezo ya mwanzo kwa sauti: "Pili ni mchawi mdogo." Bibi wa jirani alikuwa anaanua karafuu kwenye jamvi. Akanyanyua kichwa, hakusema kitu. Akazikung'uta karafuu za pembeni zikaingia kati, akamwita mjukuu wake aliyekuwa amekaa pamoja nasi, wakaingia ndani.

Sikumlaumu hata kidogo. Pemba imebebeshwa sifa hiyo miaka nenda miaka rudi na watu wamechoka nayo. Tena mchawi wetu si mtu wa ufagio na kofia ya ncha. Ni mtu wa kudhuru, anayetajwa kwa sauti ya chini. Huwezi kumpa mtoto mchawi ampende, halafu ukasema ni katuni tu.

Nikahamia kwenye mganga. Ukilisoma, unamuona mzee na mkoba wake, au daktari wa hospitali. Pili ni msichana mdogo mwenye pupa. "Mganga wa kienyeji" halikuingia hata kwenye kiputo cha maneno. Nilipokinyoosha kikamfunika paka mkia. Mwanga? Hilo ndilo baya zaidi, wanga ndio hao wa usiku. Nikajaribu "bingwa wa dawa", likanuka tangazo la sabuni. Kwa siku tatu nikaliacha "witch" lilivyo, nikaona aibu, kwa sababu tafsiri inayokimbia neno lake la kwanza si tafsiri.

Aliyenitoa ni mama. Alikuwa jikoni anapeta mchele, nikamwekea simu mbele, picha tupu bila maneno, Pili ameinamia dawa yake anaitia kitu cha mwisho. Mama akaweka ungo chini, akaivuta picha kwa vidole viwili.

"Sasa mchawi yuko wapi hapa, mwanangu? Mchawi atapika dawa paka kamkalia mbele? Huyu fundi. Tena fundi mwenyewe hajafuzu."

Fundi! Herufi tano, sawasawa na "witch". Kiputo hakikuhitaji kuguswa. Na maana imetulia yenyewe: fundi ni wa cherehani, ni wa dau, na huku kwetu hata anayewapunga watu pepo huitwa fundi. Ndani ya neno hilo moja mna kazi ya mikono na mna siri. Nilicheka peke yangu pale kizingitini kama mtu aliyeokota fedha.

Likabaki tawi lake moja. Katika Hereva, ulimwengu wa katuni hii, kuna skuli za uchawi, Chaosah, Magmah, Zombiah na nyenginezo. "Skuli ya ufundi" kila Mzanzibari atafikiria useremala na umeme. Nimeweka kilinge. Kilinge cha Chaosah. Ukilitamka, unahisi moshi wa udi. Na wale bibi watatu wanaomlea Pili na kumfunza nimewaita makungwi. Msomaji wa Kiingereza anaambiwa ni "godmothers", lakini sisi tuna neno kwa mwanamke mtu mzima anayemfunda msichana na kumgombeza.

Majina yalikuwa raha tupu, maana Revoy amewapa wahusika wake wengi majina ya viungo, na hadithi ya viungo ikija visiwani kwetu imerudi kwao. Pepper ni Pili: umeikata pilipili ukapata jina la kike ambalo kila mtaa unalo. Karoti ni Karoti. Zafarani anapendeza kuliko Saffron. Coriander ni Giligilani, na mtoto keshamkatisha anamwita Gili. Cumin, mmoja wa makungwi, ni Uzile. Bizari nyembamba ingekuwa ndefu, na Uzile hasa linasikika kama jina la bibi. Shichimi nimemwacha vile vile, ni mchanganyiko wa viungo saba wa Kijapani, hauna mwenzake kwenye sufuria zetu.

Kuhusu vyombo: maneno napanga kwa Inkscape, programu ya kuchorea, na kwenye kompyuta yangu kuukuu inachechemea faili likiwa na kurasa nyingi, lakini siihami. Maandishi yako kwenye tabaka lake, picha haiguswi, ukikosea unarudi. Kuna wanaofuta Kiingereza kwa brashi kwenye simu na kuandika juu yake. Nawaomba waache. Mchoro wa mtu unatoka madoa, na hapo umemkosea yule yule unayemshukuru. Jengine, chagueni fonti kwa kuijaribu na neno "ng'ombe". Fonti mbili nilizozipenda ziliweka pengo baada ya ile alama, ikasomeka "ng" halafu "ombe". Nimezitupa zote mbili.

Mpango ulikuwa kumalizia sehemu ya sita, ile ya mashindano ya dawa, zimebaki kurasa mbili. Sijaigusa. Nimeingia kwenye tanakali za sauti na sitoki.

Kwa Kiingereza "splash" moja hutosha kwa maji ya namna nyingi. Nilikuwa naandika CHUBWI kila pahala, mama akanisahihisha: chubwi ni kitu kimetumbukia majini, tena kidogo, jiwe au ndoo ya kisimani. Kikiwa kizito ni tubwi. Maji yakimwagwa kutoka kwenye beseni ni chwaa. Nimerudi nyuma kurasa zote, nimetazama kila mmwagiko mmoja mmoja: kipi kimeingia majini, na maji yapi yametoka chomboni. Kuna picha nimeitazama jioni nzima. Ni kazi ya sauti tatu, na naitaka iwe sahihi, kwa sababu mtoto anaposoma hizi kwa kinywa chake ndipo katuni inapoamka. Gili na Pili anawasoma kawaida, akifika kwenye TUBWI anasimama wima.

Sasa daftari lina sauti arubaini na moja. Majirani wameanza kuleta zao. Bibi wa karafuu naye jana alisimama mlangoni, akauliza kama ninayo ile ya karafuu mbichi ikinyofolewa kwenye kikonyo chake. Sikuwa nayo. Akachukua shada moja mkononi, akanyofoa mbele yangu, akaniambia nisikilize.