Hamilton 105, Schumacher 91: mmegawanya kwa ngapi?

Jumapili saa kumi jioni, mbio za langalanga za Ulaya zikikaribia kuanza, vijiwe vya Dar vinajaa mabingwa wa takwimu. Mmoja anataja 105, mwingine anajibu 91, kesi imeisha: kwa idadi ya ushindi wa mbio za langalanga (Formula 1), Lewis Hamilton kamwacha Michael Schumacher. Ila hiyo ni nusu ya hesabu. Hadi msimu wa 2024 unaisha, Hamilton alikuwa ameanza mbio 356. Schumacher aliondoka mwaka 2012 akiwa na 306. Toa simu, gawanya: 105 kwa 356 ni asilimia 29.5, na 91 kwa 306 ni asilimia 29.7. Wote wana mataji saba, na kwa kiwango cha ushindi hawaachani hata robo tatu ya asilimia.

Kisha mweke Juan Manuel Fangio wa Argentina, bingwa wa 1951 na wa miaka minne mfululizo kuanzia 1954. Ushindi 24, mbio 51. Hiyo ni asilimia 47, na hajapatikana bingwa wa kumfikia.

Makosa mengi yako kwenye namba ya kugawia. Kuna mbio dereva alizoandikishwa na kuna mbio alizoanza kweli. Kwa Fangio ni 52 na 51, kwa Schumacher 308 na 306. Chukua Ufaransa 1996. Schumacher alikuwa wa kwanza kwenye kufuzu, yaani majaribio ya muda yanayopanga nafasi za kuanzia, halafu injini ya Ferrari ikalipuka kwenye mzunguko wa kupasha matairi, kabla taa hazijawashwa. Nafasi ya kwanza ya kuanzia alihesabiwa, mbio zenyewe hazikuhesabiwa. Kwa hiyo ukitafuta kiwango cha kufuzu, gawanya kwa mbio alizoandikishwa. Ukitafuta cha ushindi, gawanya kwa alizoanza. Ukichanganya, desimali zako hazitalingana na za mwenzako na mtabishana hadi usiku bure.

Wapo wanaotaka kufuta miaka ya 2010 hadi 2012, Schumacher aliporudi na Mercedes asishinde hata mara moja. Mimi sikubali. Ukimfutia yeye, mfutie na Hamilton 2022 na 2023, maana nako hakuna ushindi.

Hata nafasi za kwanza za kuanzia, Hamilton 104 kwa 68 za Schumacher, zina mitego yake. Monaco 2012 Schumacher ndiye aliyekuwa na muda bora kuliko wote, lakini alikuja na adhabu ya kurudishwa nafasi tano kutoka mbio zilizotangulia, hivyo rekodi ikaenda kwa Mark Webber. Silverstone 2021 Hamilton aliongoza kufuzu siku ya Ijumaa, ila kwa kanuni ya mwaka ule aliyeandikiwa ni mshindi wa mbio fupi za Jumamosi, Max Verstappen. Mwaka uliofuata kanuni ikabadilishwa.

Na ushindi? Ule 24 wa Fangio una mbio mbili za gari la kushirikiana: Ufaransa 1951 na Luigi Fagioli, Argentina 1956 na Luigi Musso. Zama zile iliruhusiwa dereva kumpokea mwenzake usukani katikati ya mbio. Ule wa 105 wa Hamilton, Ubelgiji 2024, alipewa baada ya gari la George Russell kupimwa likakutwa na kilo 796.5 wakati kiwango cha chini mwaka ule kilikuwa 798. Kilo moja na nusu tu! Vyote ni ushindi halali, ila ujue unachohesabu.

Pointi ndizo za kuachana nazo kabisa ukilinganisha zama. Mshindi alipata 8 wakati wa Fangio, 10 kuanzia 1991, na 25 tangu 2010. Tena hadi 1990 matokeo mabaya ya msimu yalikuwa yanatupwa. Mwaka 1988 Alain Prost alivuna jumla ya 105 na Ayrton Senna 94, lakini yalihesabiwa matokeo 11 bora tu: Prost akabaki na 87, Senna 90 na taji.

Asilimia nayo haitoshi kwenye mbio za magari za rally. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alishinda Safari Rally ya Afrika Mashariki mara tano: 1973, kisha 1979 hadi 1982. Ushindi wake wote wa ubingwa wa dunia ulitoka hapo hapo. Ukimgawanya kwa rally zote alizokimbia duniani anaonekana wa kawaida. Gawanya kwa Safari pekee ndipo utamwona. Ule wa 1973 ulikuwa wa roho juu, kwa sababu yeye na Harry Källström walimaliza wakiwa na pointi za adhabu sawasawa, na Mehta akapewa kwa kuwa alikwenda mbali zaidi kabla ya kuanza kuadhibiwa.