Maswali Yaliyokuja kwa Simu
Katika kongamano nililoliongoza Mlimani mwezi uliopita, tulibandika msimbo wa QR mgongoni mwa kila kiti, ili msikilizaji aelekeze kamera ya simu yake na kuandika swali bila kusubiri kipaza sauti, ambacho kwa kawaida huishia mikononi mwa wazee wa safu ya mbele. Msimbo huo, uliobuniwa Japani mwaka 1994 kwa ajili ya kufuatilia vipuri vya magari, ulitufaa kuliko nilivyotarajia: swali la kwanza kuonekana ukutani lilikuwa la binti aliyeketi karibu na mlango, ambaye baadaye aliniambia kwamba asingethubutu kusimama. Intaneti ilikwama mara mbili, kama ilivyo ada. Hata hivyo, kabla ya chai maswali yalikuwa yamejaa, na mzungumzaji akaikunja hotuba yake, akaanza kujibu.