Swali la Kazi ya Mzazi

Nilikuwa mwanafunzi wa uzamili nilipochaguliwa kuwawakilisha wenzangu katika kamati ya usawa na ujumuishi ya chuo. Kikao ninachokikumbuka kuliko vyote kilikuwa cha kupitisha dodoso la wanafunzi wapya. Jinsia ilikuwemo, ulemavu, dini, umri, lugha ya nyumbani. Niliomba liongezwe swali moja: ulipokuwa na miaka 14 hivi, mtu aliyeitegemeza familia yenu alifanya kazi gani?

Sikulibuni. Uingereza wanalipendekeza kwa kupimia asili ya kitabaka, ingawa sheria yao ya usawa ya mwaka 2010 inakataza ubaguzi kwa misingi ya sifa 9 za mtu, na tabaka halimo.

Profesa mmoja, muungwana kweli, alihofia kwamba swali lingewaaibisha wanafunzi maskini. Mwenzake akasema umaskini ni kazi ya ofisi ya mikopo, si yetu.

Hilo la pili lilinichoma. Mkopo hukupa fedha tu. Haukupi ujasiri wa kubisha mlango wa mhadhiri kana kwamba ni haki yako, wala ndugu wa kukuombea nafasi mahali fulani. Niliwasimulia habari za mwenzangu wa chumba kimoja, aliyekataa mafunzo ya kazi yasiyo na malipo, tena katika fani aliyoipenda kwa moyo wote, kwa kuwa wadogo zake walikula kwa kibarua chake cha likizo. Nafasi ile ilichukuliwa na aliyeweza kukaa bila mshahara. Mwanasosholojia Mfaransa Pierre Bourdieu, mwenyewe mtoto wa mfanyakazi wa posta kijijini, aliyaandika haya pamoja na mwenzake Jean-Claude Passeron tangu 1964, walipowachunguza wanafunzi wa Ufaransa: mengi yanayosifiwa chuoni kuwa ni kipaji, mtoto wa wasomi ameyarithi nyumbani.

Ukumbi ukawa kimya. Ndipo karani aliyekuwa akiandika muhtasari, ambaye hakuwa na kura, akainua mkono.

"Samahani, Profesa. Mama yangu alikuwa mfagiaji. Ningeulizwa, ningejibu."

Hoja ya aibu haikurudi tena mezani. Swali lilipita, kwa sharti kwamba kulijibu ni hiari. Nilitaka pia majibu yake yalinganishwe na orodha ya wanaoacha masomo na ya wanaoendelea na uzamili, maana takwimu zisizolinganishwa na kitu hazimsaidii mtu. Hilo liliahirishwa, na hadi nahitimu halikuwa limejadiliwa.