Siku moja na pikapu yangu Mbeya: kilo 780, basi

Saa 12 kasoro asubuhi. Uyole baridi haina huruma, lakini kabla ya kuwasha gari lazima niiname kupima upepo wa matairi ya nyuma. Ni 195R14C, na ubavuni yana namba 106. Namba hiyo inasema tairi moja linabeba hadi kilo 950 likiwa na upepo wake kamili. Kuna madereva wanaishia hapo: mawili ya nyuma ni karibu tani mbili, haya pakia! Wanasahau kwamba chini ya mzigo kuna ekseli, springi, breki na chesisi pia, na anayeamua ni mnyonge kuliko wote.

Hesabu yangu inaanzia kwenye kadi ya gari. Uzito mtupu kilo 1,480, uzito wa jumla unaoruhusiwa, gari na kila kilichomo, 2,510. Tofauti ni 1,030, na hapo ndipo wengi wanaposema "gari la tani moja". Lakini mimi nina kilo 80, dogo ninayefanya naye kazi ana 65, tenki likijaa dizeli ni kama 55, halafu kuna ngao ya mbele na keji ya chuma alizofunga mwenye gari wa zamani, kama 45 hivi. Toa vyote, unabaki na 785. Sikuridhika na makadirio, nikaomba kupita kwenye mizani ya ghala moja la mahindi, tenki limejaa na sote wawili ndani: 1,730. Toa hizo kwenye 2,510, mzigo ni kilo 780. Nimeziandika kwa rangi nyeupe ndani ya mlango.

Saa 2. Mwanjelwa, duka la vifaa vya ujenzi. Mama mmoja anataka mifuko 20 ya saruji na nondo 10 za milimita 12, kwa mkupuo.
"Shikamoo mama. Haziendi zote."
"Marahaba. Mbona jirani yangu alibebewa 25, mwanangu? Na gari kama hili hili!"
Mfuko ni kilo 50, hiyo haina ubishi. Nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 ni kilo 10 na nusu na kidogo, kumi zinafika 107. Ukitaka nondo zote, saruji ni mifuko 13, jumla 757. Mama amenung'unika, tukakubaliana mifuko saba iliyobaki ije na safari ya mchanga, kwa bei ya kupooza. Siwezi kumlaumu, maana bodi ilikuwa inaonekana nusu tupu.

Saa 4. Mchanga. Hapa ndipo pana ugomvi kila siku, kwa sababu mteja ananunua "pikapu moja" na jicho lake linataka kuona kichuguu. Bodi yangu ina urefu wa mita 2.3, upana mita 1.5, kina sentimita 40. Ukiijaza hadi ukingoni ni karibu mita za ujazo 1.4. Mchanga mkavu, mita moja ya ujazo ni kama kilo 1,600. Piga mwenyewe: kilo 2,200! Karibu mara tatu ya kile gari linachoruhusiwa. Kwa mchanga mtupu, kilo zangu 780 zinaishia sentimita 14 kutoka sakafuni, haifiki hata shubiri. Nimechora mstari wa bluu ndani ya bodi, na chini yake kuna mwekundu, sentimita 12, kwa siku ambazo mvua imenyesha, maana mchanga uliolowa unakwenda kilo 1,900 na kitu. Leo umelowa, na saruji ya mama tayari ina kilo 350, kwa hiyo mchanga umeishia katikati ya mstari mwekundu na sakafu. Wapakiaji wamecheka mpaka wakaegemea koleo.

Saa 7. Wali maharage, na fundi wa springi akiniimbia wimbo wake: "Ongeza majani mawili, kijana, utabeba tani na nusu." Gari litasimama sawa, kweli. Ila breki zitakuwa zile zile.

Saa 9. Isyonje, viazi. Gunia linalosemwa la kilo 100 likishafungwa lumbesa, yaani kujazwa kupita mdomo wake, linakwenda 130, nimepima mwenyewe. Nachukua sita. Vijana wa shamba walishaanza kuyapanga mlangoni mwa bodi ili wamalize haraka, nikawasimamisha. Mzigo ukikaa nyuma ya ekseli ya nyuma unainua pua ya gari, usukani unakuwa mwepesi kama wa mchezo, na matairi ya mbele yanakosa nguvu ya kukata kona. Mazito yaanze kwenye ukuta wa kebini, yarudi nyuma.

Kushuka kuelekea Uyole naweka gia namba mbili na kuacha injini ishike. Mbele yetu kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, imelala kwa nyuma, magunia yamepita kimo cha kebini, breki zinanuka mpaka ndani kwetu. Zile gari Japani zimewekewa kikomo cha kilo 350. Magunia matatu ya lumbesa tu yanakipita.

Watu huniuliza mbona najisumbua wakati trafiki wa uzito hatuhusu. Ni kweli, sheria ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 inaanzia magari ya uzito wa jumla wa tani 3.5, kwa hiyo kwenye mizani ya barabara kuu napita kando ya foleni ya malori bila kusimama. Sasa kama hakuna anayenipima, nani atafanya hiyo kazi?

Saa 2 usiku. Simu. Mteja ana tenki la lita 1,000, anataka nilipeleke shambani likiwa limejaa. Lita moja ya maji ni kilo moja, nikamweleza. "Basi jaza lita 700," akasema. Hapana kaka, maji yasiyojaa tenki yanayumba, na kwenye kona yanalisukuma gari upande yanaotaka yenyewe. Nimempa namba ya mwenye Canter, lori dogo.