Futi kamba yangu na dume wa Januari

Januari ya mwaka juzi niliuza dume mweupe kwa shilingi 720,000. Mwanangu wa pili alikuwa anaingia kidato cha kwanza, bweni. Ada ya shule za serikali siku hizi hakuna, lakini godoro, sanduku, sare na madaftari havisubiri. Nilikwenda mnadani nikijua sirudi na ng'ombe, na nadhani mnunuzi aliliona hilo usoni kwangu. Alimzunguka dume mara moja, akampiga kofi mgongoni, akabonyeza paja kwa vidole viwili, akataja bei. Nilipotaja ya kwangu akageukia ng'ombe wa jirani. Ilipofika saa saba mchana nikakubali ya kwake.

Mimi ni fundi cherehani hapa Igurusi, mkoani Mbeya. Ng'ombe wetu kumi na mmoja anawachunga kaka yangu huko bondeni Usangu. Siku mbili baada ya mnada nilipita buchani, kwa mtu ninayemshonea mashati, akaniambia, "Mama Neema, dume wako mweupe alitoa kilo 118." Hapo kichwa, makongoro, utumbo na ngozi havimo. Nyama alikuwa anauza 10,000 kwa kilo. Nikasimama pale nikizidisha, mate yakanikauka.

Mwenye bucha simwiti mwizi. Alilipa gari, machinjio, vijana, umeme wa friji, na wateja wa mkopo anao wengi. Kilichoniuma ni kwamba aliyemnunua dume alijua kilo zake kwa kumtazama tu, na mimi niliyemlea miaka minne sikujua. Mchana kutwa napima watu viuno na mabega mpaka nusu sentimeta, kisha nikauza ng'ombe bila kipimo chochote!

Afisa mifugo ndiye aliyenifundisha. Unapima mzunguko wa kifua nyuma kidogo ya miguu ya mbele, kisha urefu wa mwili kutoka ncha ya bega hadi mfupa wa tako, vyote kwa sentimeta. Mzunguko unauzidisha kwa wenyewe, unazidisha tena kwa urefu, unagawanya kwa 10,840. Jibu ni kilo za ng'ombe akiwa hai. Ni makadirio, lakini yanasaidia. Apimwe asubuhi kabla hajanywa maji, asimame pa tambarare, kichwa juu. Futi kamba ya fundi inaishia sentimeta 150 na dume mzuri anaipita, kwa hiyo nazungusha kamba ya katani, nafunga fundo, kisha naipima kamba mezani. Wa kwanza alikuwa na kifua 152 na urefu 118. Kilo 251. Ng'ombe wetu wa asili hutoa nyama na mifupa yake karibu nusu ya uzito huo, mara nyingi pungufu kidogo. Hapo nikaelewa zile kilo 118 za buchani zilitoka wapi.

Kujua kilo peke yake hakukuongeza hata kilo moja, ila kulinionyesha zinakopotelea. Nyasi za Usangu zikikauka, ng'ombe anakonda kuanzia Agosti mpaka mvua za Novemba. Kilo alizopata masika anazirudisha kiangazi, halafu mwakani tunamnenepesha upya. Kilo moja tunailipia mara mbili. Wanaosema ng'ombe wa asili hana faida sikubaliani nao. Anavumilia kupe, anatembea, anaishi kwa mabua ya mpunga. Sisi ndio tunaomwacha akonde.

Kwa hiyo Julai, mpunga ukiwa unakobolewa kila kona, nilinunua pumba laini nikazihifadhi. Zile za maganda matupu usihangaike nazo. Kaka alininunia. "Dada, ng'ombe anakula majani. Pumba ni hela." Katikati ya Septemba tukafungia madume wanne bandani, wakawa wanakula pumba, mashudu ya alizeti, mabua na chumvi, maji mara mbili kwa siku. Mmoja wao aliingia na kilo 228, baada ya siku tisini akatoka na 287. Chakula chake kilikula 165,000, dawa 12,000. Nikaandika na 40,000 za kaka. Miaka yote hakuwahi kuwemo kwenye hesabu, na faida inayopatikana kwa kutomlipa anayelala na ng'ombe siitaki.

Kwa bei ya Septemba, 3,500 kwa kilo hai, dume yule alikuwa wa 798,000. Desemba nyumba nne tulikodi Fuso moja, tukachukua kibali cha kusafirisha mifugo, tukawapeleka Mbeya mjini kwa wachinjaji tuliopatana nao mapema kwa ajili ya Krismasi. Yeye akauzwa 4,000 kwa kilo, jumla 1,148,000. Ukitoa bei yake ya Septemba, chakula, dawa na hela ya kaka, nilibaki na 133,000, kabla ya gari na kibali. Si utajiri. Lakini Januari ilinikuta na hela ya shule ndani.

Wa nne hakunenepa. Alipochinjwa, ini lilikuwa na minyoo bapa, likatupwa. Huku kwenye majaruba konokono wa majini ndio wanaoieneza, nasi tulikuwa tumempa dawa isiyoigusa. Chakula chake chote kilipotea.

Nchi hii ina sheria ya tasnia ya nyama tangu 2006, na bodi ya nyama iliyoundwa kwa sheria hiyo. Mnadani kwetu ushuru tunalipa kwa kila ng'ombe, na mizani ipo, imejaa vumbi, mbuzi wanapumzika juu yake. Naomba iwashwe. Apandishwe kila ng'ombe, namba isomwe kwa sauti, muuzaji na mnunuzi waisikie pamoja, ndipo bei ianze.

Alhamisi iliyopita mzee mmoja aliingia dukani na kamba yenye mafundo mawili.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Fundo hili kifua, hili urefu. Hebu nipimie, wananipa laki nane na nusu."

Nikailaza kamba mezani. Kifua 163, urefu 124. Nikamwandikia kwa chaki kwenye kipande cha kitambaa: kilo 304. Akakisoma, akakikunja, akakitia mfukoni na kurudi mnadani.