Kipande cha kikwembe

Kwetu Lubumbashi, Kongo, mvua hukatika mwezi wa 4. Ikifika Siku ya Mama, mwezi wa 5, asubuhi ni baridi na vumbi jekundu limeshaanza kutanda madirishani. Watoto wangu wa chekechea wanaingia na mapulova, kamasi puani, mikono imejificha kwenye mikono ya nguo. Ninao 31, wa miaka 4 na 5, hapa Katuba.

Mwaka jana nilikosea. Niliwaambia wote: "Tunatengeneza kadi ya mama." Siku yenyewe ikafika, tukaimba, kila mtoto akamkimbilia wake. Mtoto mmoja wa kiume akabaki katikati ya uwanja, ameshika kadi kwa mikono miwili. Mama yake alishafariki, na mimi nilikuwa najua. Nkambo wake, yaani bibi yake, alikuwa amesimama nyuma kabisa, karibu na geti, akidhani siku ile haimhusu. Jambo hilo lilinikaa moyoni mwaka mzima.

Safari hii sikusema neno "mama" kwanza. Niliwauliza: nani anakuogesha asubuhi? Nani anakufunga viatu? Wengi wakasema mama, ndiyo. Lakini mmoja akasema yaya, yaani dada yake mkubwa, mwingine mama mdogo. Kuna aliyesema papa, maana mama yake anafanya biashara ya Kasumbalesa, akienda mpakani anaweza kulala huko siku 3. Basi nikawaambia: huyo uliyemtaja, omba akupe kipande kidogo cha nguo yake, kikwembe (kitenge) au shati, kiwe chakavu tu, mje nacho.

Pesa sikuomba hata faranga moja. Shule za msingi za serikali ni bure tangu 2019, lakini chekechea wazazi bado wanalipa. Najua nani anauza mikate na nani anauza makala (makaa) ili mtoto wake akalie kile kiti kidogo. Siwezi kumgeukia mtu huyo nimwambie achangie zawadi yake mwenyewe. Makaratasi yalikuwa maboksi ya sabuni. Gundi niliipika asubuhi juu ya mbabula, jiko la makaa: unga wa muhogo, maji, koroga mpaka ivute. Nusu waliilamba, sikuwakataza. Waliosahau kitambaa, fundi cherehani wa barazani jirani alinipa mabaki yake, mfuko mzima.

Yule mtoto wa mwaka jana, sasa ana miaka 5, alikuja na kipande kisichozidi kiganja chake, cha kijani, chenye ndege wa njano. Kingo zilikuwa zimechanikachanika, kama zilikatwa na mkasi butu.

"Hiki ni cha nkambo?"

"Hapana. Ni kikwembe ya mama. Nkambo njo anavwalaka sasa."

Akaniomba nikikate mara mbili. Mkasi ukapita katikati ya ndege: kichwa kikabaki upande mmoja, mkia upande wa pili. Akapaka gundi kwa kidole, akabandika, akakandamiza kwa dole gumba mpaka kucha ikawa nyeupe, akiniangalia kama kinashika. Halafu kadi ya pili, vilevile. Nilipomuuliza hiyo ni ya nani, akasema ni ya kupeleka kule mwezi wa 8.

Nilielewa. Tarehe 1 mwezi wa 8 hapa kwetu ni Siku ya Wazazi: asubuhi watu wanakwenda makaburini kung'oa nyasi na kusafisha, mchana wanarudi kuwapikia bukari (ugali) wazazi walio hai. Wakati huo shule imefungwa, mimi sitakuwepo kumkumbusha. Alikuwa anajipanga mapema.

Siku ya sherehe sikuruhusu hotuba. Kila mtoto alisimama, akamwita mtu wake kwa sauti, mtu akaja mbele. Yule yaya alikuja na sare yake ya bluu na nyeupe, ameomba ruhusa kwa mwalimu wake, ana miaka 13. Mdogo wake alipomwita, alifunika uso kwa daftari. Papa wa Kasumbalesa (sasa watoto wote wanamwita hivyo) aliibandika kadi kifuani pale pale, na gundi ilikuwa bado mbichi.

Nkambo nilimwekea kiti mstari wa mbele tangu saa 2 asubuhi, nikatandika kikwembe changu juu yake. Mjukuu alipoita "Nkambo!" aliinuka polepole, akapokea kadi zote mbili kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo kama anavyopokea mtu mzima. Akazisogeza pamoja mpaka ndege akakamilika. Hakusema kitu. Baadaye akaniuliza kama nina kimfuko cha nailoni, maana mpaka mwezi wa 8 vumbi litaiharibu ile ya pili.

Alikuwa amevaa kikwembe cha kijani. Alipogeuka kuondoka nikaona pindoni, karibu na kisigino, pengo dogo la kukatwa.